Mwalimu Huulizwa Maswali

Muhula uliopita tuliletewa mgeni, mzee mmoja mstaafu wa utumishi wa umma, aje azungumze nasi juu ya uzalendo. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini kwenye ngazi. Mzee aliongea vizuri, tena bila karatasi, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa Vita vya Kagera. Alipomaliza, mshereheshaji akaruhusu maswali.

Wa kwanza alishika kipaza sauti dakika tano nzima akimsifu mgeni, na mpaka leo sijui swali lake lilikuwa lipi. Wa pili akawaka moto: vita vile vilikuwa vya Nyerere kumrudisha rafiki yake Obote Ikulu, basi, hakuna kingine. Nusu ya ukumbi ikazomea, nusu ikapiga makofi. Wa tatu akauliza bumu linaingia lini. Muda ukaisha, tukaenda kunywa soda.

Mimi nilikuwa na swali. Nilikuwa nimeliandika nyuma ya daftari tangu asubuhi. Sikunyoosha mkono. Niliogopa kuonekana nashambulia, na nikaogopa zaidi kuonekana simheshimu Mwalimu Nyerere mbele ya mzee aliyemfanyia kazi. Nikafunga daftari, nikatoka na swali langu kama nilivyoingia nalo.

Swali lenyewe wala si langu. Ni la bibi yangu.

Bibi anatoka Missenyi, kile kipande cha nchi yetu kilicho kaskazini ya mto Kagera. Askari wa Idi Amin walipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, bibi alikuwa na miaka ishirini na kitu, mama mkubwa akiwa mgongoni. Walikimbilia Kyaka na sufuria moja, wakavuka daraja. Siku chache baadaye daraja lile likalipuliwa. Waliporudi mwaka uliofuata hawakukuta ng'ombe, hawakukuta mabati, hata mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa. Kila nikienda likizo ananiuliza: "Mjukuu wangu, wewe unayesoma historia, hebu niambie. Serikali ilijua kwamba Amin anakuja? Na kama ilijua, mbona sisi hatukuambiwa tukimbie?"

Miaka inakwenda na simjibu. Nasoma ualimu, somo langu ni Historia, na bibi yangu wa darasa la nne ameuliza swali ambalo ukumbi mzima wa wasomi haukuliuliza.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Kiongozi aliyepeleka watu vitani anastahili maswali magumu, hata akiwa kiongozi tunayempenda, hata vita vikiwa vya haki, hata tukiwa tumeshinda. Na maswali hayo yanatakiwa yawe ya haki, la sivyo hayana kazi. Pale ukumbini tulishindwa yote mawili. Mmoja alisifu, mmoja alisuta, na wote wawili hawakuuliza kitu.

Swali la haki nalipimaje? Nina vipimo vitatu, na sikuvitoa kwenye desa. Kwanza, namhukumu kiongozi kwa yale aliyoyajua wakati ule, si kwa yale ninayoyajua mimi leo baada ya kusoma mwisho wa hadithi. Pili, swali ninalomuuliza nisiyempenda liwe lilelile ninalomuuliza ninayempenda. Tatu, niache nafasi ya jibu. Ukiuliza "kwa nini ulituua kwa ajili ya rafiki yako?" umeshajibu mwenyewe, umebakiza kupiga makofi tu.

Sasa tujaribu kwa Mwalimu. Karibu kila Mtanzania anayajua yale mambo matatu aliyoyataja mwanzoni mwa Novemba 1978 alipotangaza kwamba tutampiga Amin: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tumeyakariri tangu shule ya msingi. Lakini jamani, yale ni majibu. Kila jibu lina swali lake, na hatufundishwi kuyatafuta maswali.

Tuanze na sababu. Hapa Mwalimu ana nguvu kuliko viongozi wengi waliopigana vita. Nchi ilivamiwa. Amin alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera limekuwa sehemu ya Uganda. Raia waliuawa, maelfu wakakimbia, mali ikaporwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka pande mbili zipatanishwe, na Tanzania ikauliza, kwa haki kabisa, unampatanishaje mwizi na mwenye nyumba wakati mwizi bado yuko sebuleni?

Hata hivyo swali gumu lipo. Milton Obote aliishi Dar es Salaam tangu alipopinduliwa na Amin mwaka 1971. Septemba 1972 wafuasi wake wenye silaha walivuka kutoka kwetu kuingia Uganda, wakashindwa vibaya. Mwezi uliofuata yakasainiwa makubaliano ya Mogadishu ya kutuliza mpaka. Kwa hiyo ningeuliza: Mwalimu, kati ya mwaka 1972 na 1978, ni njia zipi ulizijaribu ili mpaka ule utulie, na ni zipi uliamua kutozijaribu kwa sababu hukutaka kukaa meza moja na Amin? Ona tofauti ya swali hili na lile la pale ukumbini. Obote yumo humohumo, lakini sijamhukumu mtu. Mwalimu angeweza kunijibu kwamba kukaa meza moja na muuaji ni kumpa heshima, na kwamba kumpa mkimbizi hifadhi si kosa. Lingekuwa jibu zito. Ningeliandika nikae nalifikiria.

Ya pili ni nia. Wengi wetu tulipofika kidato cha nne tuliandika kwenye mtihani kwamba nia ilikuwa kumtoa nduli katika ardhi yetu. Vizuri. Lakini mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imekwisha kukombolewa. Mwezi huohuo majeshi yetu yakaichukua Mutukula, mpakani. Februari yakafika Masaka na Mbarara. Machi Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana Moshi kuunda chombo cha kuongoza nchi yao baada ya Amin. Aprili 11 Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni mapigano yalikuwa yamefika mwisho wa nchi. Kutoka Kyaka hadi mpaka wa Sudan si kumtoa mtu sebuleni kwako tena. Ni kumfuata kwake, kumtoa na kukaa mpaka nyumba ipate mwenyewe mwingine.

Mwalimu alilieleza hili kwa kusema vita ni viwili: vita vya Watanzania kumwadhibu mvamizi, na vita vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Swali langu: nia ilibadilika siku gani, na wananchi waliambiwa siku hiyo au waliambiwa baadaye? Maana wengi wa waliokuwa mstari wa mbele hadi Kampala walikuwa vijana wetu.

Tena hili si swali la kizalendo uchwara wala la kibeberu. Waafrika wenzake walimuuliza kwa sauti. Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kule Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu kwamba ameingilia nchi nyingine kinyume na mkataba wa umoja. Tanzania haikukasirika ikasusa. Ilijieleza, na jibu lake liliwageuzia wao kibao: mbona mlinyamaza wakati Amin anaua Waganda? Huo ndio uzuri wa swali gumu. Likiulizwa sawasawa, hata muulizaji hubaki na deni.

Ya tatu, uwezo. Tunao, alisema, na ilithibitika. Lakini uwezo una mwenyewe anayeulipia. Jeshi lilipanuliwa haraka haraka kwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wajifunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Waulizeni wazazi wenu mkanda ule ulifunguliwa lini. Watawasimulia foleni za sukari, sabuni na unga wa njano miaka ya themanini.

Hapa kipimo changu cha kwanza kinanibana, nacho lazima kinibane. Si haki kumtwika Amin na vita shida zote za miaka ile. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka huohuo wa 1979. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Sera zetu wenyewe nazo zilikuwa na matatizo yake. Kwa hiyo siulizi "kwa nini ulitufilisi?" Nauliza: uliposema miezi kumi na minane, ulipiga hesabu gani? Ulijua ni mingi zaidi ukaficha ili watu wasikate tamaa, au ulikosea? Mtu akikosea hesabu tunamsamehe. Akituficha, tunahitaji kujua, ili mwingine asirudie.

Sababu, nia, uwezo. Baada ya hapo kuna mambo mawili ambayo Mwalimu hakuyataja katika yale matatu, na ndiyo yanayonisumbua zaidi.

La kwanza ni watu wa upande wa pili. Mutukula na Masaka ziliharibiwa vibaya, na sehemu ya uharibifu ule ilikuwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Bibi yangu hana huruma sana na hadithi hiyo. Ana haki yake, mlango wake uling'olewa. Lakini mama wa Masaka naye alikuwa na mlango. Ningeuliza: Mwalimu, ulipopata habari hizo ulitoa amri gani, na kuna aliyewajibishwa? Ninaamini jeshi letu lilikuwa na nidhamu kuliko lile la Amin, na Waganda wengi walilipokea kwa shangwe. Ndiyo maana nauliza. Jeshi lisilo na sifa yoyote halina cha kupoteza likiulizwa.

La pili ni mwisho. Amin akatoka. Yusuf Lule akaingia, akakaa siku 68. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, matokeo yakapingwa, na mwaka uliofuata Yoweri Museveni akaingia msituni. Askari wetu walikuwa Uganda karibu muda huo wote, hadi mwaka 1981. Kwa hiyo: siku mliyovuka mpaka, mlikuwa na mpango gani wa siku ya kesho yake? Kumpiga nduli ni kazi moja. Kujua nani atawasha taa asubuhi ni kazi nyingine.

Rafiki yangu wa chumbani alisoma rasimu ya makala haya tukiwa kwenye kimbweta, akanirudishia kwa vidole viwili kana kwamba inaungua. "Sasa wewe unamhukumu Baba wa Taifa? Pale Kaboya wamelala mamia ya askari. Unawaambia nini?"

Nilikaa kimya kidogo, maana ni swali gumu na ni la haki. Jibu langu ni hili. Wale waliolala Kaboya ndio wanaonifanya niulize. Walikwenda bila kuuliza, kwa sababu askari akipewa amri huenda. Yeye ametuachia sisi tuliobaki nyumbani kazi ya kuuliza kwa niaba yake. Tukiishia kuweka shada la maua tarehe 25 Julai na kuimba, tumefanya nusu ya kazi. Halafu kuna jambo jingine dogo: yule mzee alikubali kuitwa Mwalimu maisha yake yote, akaona jina hilo linamtosha kuliko Mheshimiwa. Mwalimu ni mtu anayeulizwa maswali. Darasa lisilouliza, mwalimu yeyote mzuri hujua kwamba halijaelewa au linaogopa.

Mtu atasema, haya ya mwaka 1978 yamekwisha, tuna shida zetu za sasa. Sawa, tuje za sasa. Tangu mwaka 2013 askari wetu wamepigana mashariki ya Kongo, kwanza katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa. Desemba 7, 2017, kambi yao kule Semuliki ilishambuliwa na wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14 kwa usiku mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi za SADC zikapeleka kikosi kingine, sisi tukiwamo. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, na Machi mwaka huohuo wakuu wa SADC wakaamua kikosi kirudi nyumbani. Hebu tuambiane ukweli: ni wangapi kati yetu humu chuoni tulifuatilia? Siku Goma inaanguka, kundi letu la WhatsApp lilikuwa linajadili usajili wa Simba na Yanga.

Sisemi tusingekwenda. Kongo ni jirani, mizigo yake inapita bandari yetu, wakimbizi wake wako Kigoma, na Kiswahili chake ni chetu. Sababu zinaweza kuwapo nyingi. Nasema maswali ni yaleyale: mlijua nini na lini, njia zipi zilijaribiwa, nia ni ipi na imebadilika, nani analipa, raia wa kule wanatendewaje, na mwisho wake tutautambuaje. Hakuna hata moja linalodai siri ya jeshi. Sijauliza bunduki ngapi ziko wapi. Siri za medani zibaki kwa makamanda, lakini sababu ya kwenda medani si siri, ni mali ya umma.

Wala si mimi ninayejipa haki hiyo. Katiba tuliyonayo leo, ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita na nchi nyingine. Lakini inamtaka apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku kumi na nne kulitafakari na kuamua kuliunga mkono au la. Ibara ya 63 inampa mbunge nafasi ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Maana yake walioandika walijua kwamba siku ya vita ndiyo siku ambayo maswali huonekana kama usaliti, wakayawekea mahali pake mapema. Mbunge asipoyauliza, si kwa sababu kakatazwa.

Na sisi je? Wengi wa tunaosoma ualimu hapa tutakuwa madarasani mwaka ujao. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilifundisha kidato cha pili. Nilipofika Vita vya Kagera niliandika ubaoni sababu nne na matokeo matano, kama nilivyoandikiwa mimi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, watu waliulizwa kwanza kabla ya kwenda?" Darasa likacheka. Nikamwambia hilo haliko kwenye muhtasari, nikaendelea na tokeo la tatu. Nilimfanyia vilevile nilivyojifanyia ukumbini, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kunyoosha mkono na mimi ndiye niliyeushusha. Hilo nalijutia kuliko alama yoyote niliyowahi kupoteza.

Ndiyo maana nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi. Tukimwalika tena mgeni wa kuzungumzia vita, uongozi, au hata mikopo, maswali yakusanywe siku mbili kabla, kwa maandishi, na yasomwe yote matano ya kwanza bila kuchujwa kwa adabu bandia. Sifa ziwekwe mwisho, baada ya majibu. Mgeni naye aambiwe mapema kwamba hapa tunauliza, ili ajiandae na kumbukumbu zake. Hilo si kumtega. Tunampa nafasi ya kujibu kama mtu mzima mbele ya watu wazima.

Likizo nakwenda Missenyi. Sitakuwa na jibu kamili kwa bibi. Nitamwambia ninachokijua: kwamba Oktoba ile mapigano madogo ya mpakani yalikuwa yameanza wiki kadhaa kabla, kwamba jeshi letu kaskazini ya mto lilikuwa dogo, na kwamba kutoka hapo kuna swali ambalo lilipaswa kuulizwa wakati waliolijua jibu wakiwa hai. Wengine bado wako hai. Yule mzee aliyekuja ukumbini alituachia anuani yake ya posta, nami nimeshamwandikia barua. Ina swali moja tu, na nimemwambia limetoka kwa nani.